Miaka Inayohesabiwa: Mwanamichezo wa Chuo na Kanuni za Kustahiki

Mwanafunzi anayeichezea timu ya chuo chake huwa na hadhi mbili kwa wakati mmoja, ya mwanafunzi na ya mchezaji, na vyombo vinavyosimamia michezo ya vyuo duniani vimejiwekea kanuni za kuamua ni nani anayeruhusiwa kuzishika zote mbili, kwa muda gani na kwa masharti gani. Ruhusa hiyo ndiyo huitwa kustahiki, na anayeikosa hazuiwi kusoma, bali huzuiwa kuvaa jezi ya chuo. Kwa kijana wa Kibokoni, au wa mtaa wowote wa Mji wa Kale wa Mombasa, anayemaliza kidato cha nne akiwa na kipaji cha mpira, mbio au kuogelea, baadhi ya masharti hayo hufahamika mapema, kwa kuwa kila mwalimu humwambia kwamba atahitaji alama nzuri na kila mzazi humwonya asighushi cheti. Lisilotajwa ni kwamba sehemu kubwa ya kanuni hizi, hasa zile za Marekani ambako ufadhili wa masomo kwa njia ya michezo ndiko uliko kwa wingi, ni kanuni za kuhesabu muda, na kwamba hesabu hiyo huanza kabla kijana hajajua kuwa anahesabiwa.

Nyumbani kanuni ni nyepesi zaidi, ingawa hazikosi ukali. Mashindano ya shule za sekondari za Kenya, yanayosimamiwa na chama cha KSSSA na kupanda hadi ngazi ya Afrika Mashariki chini ya shirikisho la FEASSA, humtaka mchezaji awe mwanafunzi halali wa shule anayoichezea na asiwe amepita umri uliowekwa. Anayeingizwa kinyume cha hayo huitwa mamluki, na timu iliyomchezesha hupokonywa matokeo au hutolewa mashindanoni. Udanganyifu wa umri si wa shule peke yake. Mwezi wa Aprili 2018, katika mashindano ya CECAFA ya vijana walio chini ya miaka 17 yaliyofanyika Burundi, timu ya Zanzibar iliondolewa kwa kuwa na wachezaji waliozaliwa kabla ya tarehe iliyokubaliwa, na vijana waliokuwa na umri sahihi wakarudi nyumbani pamoja na wenzao. Tangu Kombe la Dunia la vijana wa umri huo lililochezwa Nigeria mwaka 2009, shirikisho la FIFA limekuwa likitumia picha za sumaku za kifundo cha mkono kukisia umri wa mifupa, kwa sababu cheti cha kuzaliwa peke yake kilikuwa kimeacha kuaminika.

Kwa vyuo vikuu, shirikisho la kimataifa la FISU, ambalo chini yake kuna mashindano ya bara la Afrika yanayoendeshwa na FASU, huuliza maswali matatu tu ya msingi: mchezaji ni raia wa nchi anayoiwakilisha? Amesajiliwa chuoni kusomea shahada au amehitimu muda si mrefu? Umri wake haujapungua miaka 18 wala kuzidi 25? Zamani kikomo cha juu kilifika miaka 28. Halimuulizi kama aliwahi kulipwa, wala ni misimu mingapi aliyokwisha kuicheza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, mwendo mfupi tu kutoka Kibokoni, anaweza kuichezea klabu ya ligi mwishoni mwa juma na kukiwakilisha chuo chake katika mashindano ya wanafunzi bila ya mtu kuona tatizo.

Mambo hubadilika mara anapofikiria kuvuka bahari. Chama cha NCAA, kilichoanzishwa mwaka 1906 na ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote vya michezo ya vyuo nchini Marekani, kilijengwa juu ya picha ya kijana wa aina moja, anayemaliza shule akiwa na miaka 18, kuingia chuoni miezi mitatu baadaye, kucheza misimu minne na kuondoka akiwa na miaka 22 au 23. Wanamichezo wa Afrika Mashariki hawakuwa kijana huyo. Robert Ouko na Julius Sang, waliokuwa katika timu ya Kenya iliyotwaa dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne huko Munich mwaka 1972, walisoma katika chuo cha North Carolina Central wakiwa watu wazima. Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, na Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, wote walikuwa wanafunzi wa Washington State. Rono alizaliwa mwaka 1952, kwa hiyo mwaka wake mkuu ulimkuta na miaka 26. Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyezaliwa mwaka 1953 na kushinda fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa akikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ambako aliondoka na mataji 15 ya NCAA.

Makocha wa Marekani walioshindwa na wanaume hawa walilalamika kwamba vijana wao wa miaka 19 walikuwa wakishindanishwa na watu wazima waliokwisha kuiva. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na asiyeukubali hawezi kuielewa kanuni iliyofuata. Lakini njia ya kwanza iliyotumiwa kuyajibu haikuwa ya haki. NCAA iliweka kanuni ya wanafunzi wa kigeni, iliyosema kwamba kila mwaka ambao mwanafunzi mgeni alicheza katika nchi yake baada ya kutimiza miaka 19 utahesabiwa kana kwamba alicheza msimu mzima chuoni, ilhali Mmarekani wa umri uleule, aliyecheza mchezo uleule katika klabu ya mtaani kwake, hakuhesabiwa chochote.

Kanuni hiyo ilijaribiwa na Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Weusi kilichoko Washington, ambacho timu yake ya mpira wa miguu, iliyojaa wachezaji kutoka visiwa vya Karibi na Afrika chini ya kocha wa Trinidad, Lincoln Phillips, ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1971. NCAA iliupokonya ubingwa huo kwa madai kwamba baadhi ya wachezaji hawakustahiki. Howard ilikwenda mahakamani, na mwaka 1973 jaji akaamua kwamba kanuni ya wanafunzi wa kigeni ilikiuka katiba kwa kuwabagua watu kwa asili yao. Mahakama ya rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 1975. Hata hivyo kanuni nyingine ziliachwa zisimame, na ubingwa wa 1971 haukurudishwa. Howard iliushinda tena mwaka 1974 bila ya kufungwa mechi hata moja, jibu ambalo pengine lilikuwa zuri kuliko hukumu yenyewe.

Fundisho ambalo NCAA ilitoka nalo mahakamani lilikuwa la werevu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipitisha kanuni mpya isiyomtaja mgeni hata kidogo, iliyosema kwamba mtu yeyote, wa nchi yoyote, akishiriki mashindano yaliyopangwa baada ya kutimiza miaka 20 na kabla ya kuingia chuoni, kila miezi 12 ya kushiriki itamkata msimu mmoja kati ya minne. Mahakama mbili za rufani zilizoombwa kuisimamisha mwaka 1984 zilikataa. Kwa maandishi, kanuni hiyo ilikuwa sawa kwa wote. Kwa matokeo, iliwaangukia zaidi watu wa nchi ambazo kijana huanza shule akiwa amechelewa, hukaa nyumbani kwa kukosa karo, au husubiri nafasi ya chuo kwa miaka. Kenya ya wakati huo ilikuwa na kidato cha tano na cha sita, kisha kuanzia mwaka 1984 wanafunzi wa vyuo vikuu wakalazimishwa kupitia kwanza mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, mpango uliodumu hadi 1990. Kijana angeweza kufika miaka 21 bila ya kuchelewa popote kwa hiari yake.

Kanuni za miaka ya karibuni zimebadilisha vipimo, lakini hazikubadilisha wazo. Katika daraja la kwanza la NCAA kuna hesabu mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni saa ya miaka mitano: tangu siku mwanafunzi anapojisajili kwa masomo kamili katika chuo chochote, ana miaka mitano ya kalenda kuikamilisha misimu yake minne, awe anacheza au hachezi. Maneno yanayopaswa kusomwa mara mbili ni "chuo chochote". Kijana aliyejisajili Tudor, au katika Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, akasoma mwaka mmoja huku akitafuta ufadhili Marekani, ameshautumia mwaka mmoja kati ya mitano, hata kama hakuwahi kugusa mpira. Wapo wanaosimamishiwa saa hiyo, kama vile walio katika jeshi au katika utume rasmi wa kidini. Lakini kijana wa Mji wa Kale aliyekwenda kusoma sharia katika chuo kikuu cha Madina hakwenda kwa utume, alijisajili chuoni, na saa yake inakwenda.

Hesabu ya pili huanzia shuleni. Katika michezo mingi, ikiwemo mpira wa miguu, riadha na kuogelea, anayemaliza sekondari hupewa mwaka mmoja usiohesabiwa, na baada ya hapo kila mwaka anaoshiriki mashindano yaliyopangwa humpunguzia msimu mmoja, na hulazimika pia kukaa chuoni mwaka mzima bila ya kucheza. Kalenda ya Kenya haisaidii. Mtihani wa KCSE hufanywa Novemba, na vyuo vya Marekani hufunguliwa Agosti, kwa hiyo anayefanikiwa kuondoka Agosti ya kwanza huwa bado yumo ndani ya mwaka wake. Lakini kati ya Novemba na Agosti kuna matokeo ya kusubiriwa, pasipoti, mtihani wa Kiingereza, tafsiri ya vyeti, nauli, na miadi ya viza Nairobi. Kimoja tu kikikwama, safari huahirishwa hadi Agosti ya pili, na mwaka usiohesabiwa huwa umekwisha zamani.

Hapo ndipo maana ya mashindano yaliyopangwa inapokuwa na uzito ambao mtu hangeutarajia. Wengi hudhani yanamaanisha ligi kuu au timu ya taifa. Kanuni huyatambua kwa dalili, na dalili moja tu hutosha: mechi ikiwa imepangiwa tarehe mapema, au magoli yanaandikwa rasmi, au kuna refa, au timu zina jezi, au msimamo wa makundi unawekwa, au watazamaji wanatozwa kiingilio, au kuna mfadhili. Kwa kipimo hicho, mashindano ya usiku ya mwezi wa Ramadhani, ambayo vijana wa Mombasa huyacheza baada ya tarawehe kwa jezi zilizonunuliwa na mwenye duka wa mtaani, yana dalili karibu zote. Mtaani ni starehe ya mwezi mtukufu, lakini kwa afisa anayekagua faili huko Indianapolis, yaliko makao makuu ya NCAA, ni ushiriki unaohesabika. Si rahisi kuitetea kanuni inayomweka mchezaji wa mechi hizo katika kapu moja na aliyekwisha kucheza miaka mitatu katika akademia ya klabu ya Ulaya; faida ya umri na mazoezi ambayo kanuni ilikusudia kuizuia, mmoja anayo na mwingine hana.

Ukiyatazama majina ya Wakenya waliofaulu zaidi katika mfumo huu, athari ya saa huonekana. Edward Cheserek, aliyeshinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon kati ya 2013 na 2017 na kuipita idadi ya Nyambui, alihamia Newark akiwa bado kijana mdogo na kumaliza sekondari hukohuko, hivyo akaingia chuoni kwa njia ileile iliyonyooka ambayo kanuni inaifikiria. Sally Kipyego, aliyetwaa mataji tisa akiwa Texas Tech, alianzia katika chuo cha miaka miwili, njia inayowafaa wengi lakini inayokula muda wa saa ileile. Katika miaka ya karibuni vyuo vimeongeza kuwasajili wakimbiaji wa Kenya walio na miaka ishirini na kitu, kama Doris Lemngole wa Alabama, bingwa wa mbio za nyika wa mwaka 2024, ambaye Juni 2025 alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 58.15, na manung'uniko ya makocha wa miaka ya 1970 yamesikika upya karibu kwa maneno yaleyale.

Masharti ya darasani hayahitaji maelezo marefu. Daraja la kwanza hutaka masomo 16 ya msingi ya sekondari yenye wastani wa 2.3 kwa kipimo cha Marekani cha kufikia 4, na tangu 2023 halidai tena mitihani ya SAT au ACT, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai. Akishaingia, mwanafunzi hutakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake kabla ya mwaka wa tatu, 60 kabla ya wa nne na 80 kabla ya wa tano. Sharti hili humbana anayebadilisha fani katikati, kwa kuwa masomo aliyoyapita huenda yasihesabiwe katika fani mpya.

Suala la fedha limepinduka. Kwa zaidi ya karne moja mchezaji wa chuo alikatazwa kupokea malipo yoyote zaidi ya ufadhili wake, mpaka Juni 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston kwa kura zote tisa, na Julai mosi ya mwaka huohuo wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao katika matangazo. Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwagawia wachezaji mapato, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Habari hizi zimewafikia vijana wa pwani kupitia simu zao, na wapo wanaodhani mlango umefunguliwa kwa wote. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya masomo, ambayo humruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa muhula, na kazi ya nje bila ya kibali huweza kumfanya apoteze haki ya kukaa nchini humo. Kwa hiyo tangazo ambalo NCAA imeliruhusu, idara ya uhamiaji inaweza kulihesabu kuwa kosa. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 2022, aliishughulikia sehemu ya mikataba yake ya matangazo wakati timu yake ya Kentucky ilipokuwa ziarani Bahamas, nje ya mipaka ya Marekani. Tshiebwe alikuwa na chuo tajiri na wanasheria nyuma yake.

Adhabu nazo zina mpangilio wake. Kosa dogo la mchezaji, kama kupokea zawadi isiyoruhusiwa, humfungia asilimia fulani ya mechi za msimu, na mara nyingi huamriwa kulipa thamani ya alichopokea kwa shirika la hisani. Anayepatikana na dawa za kusisimua misuli hupoteza mwaka mzima na msimu mmoja. Kosa zito zaidi ni uongo: kughushi tarehe ya kuzaliwa, au kuficha kwamba aliwahi kujisajili chuo kingine, kunaweza kumwondolea mtu haki ya kucheza moja kwa moja, hata pale ambapo ukweli wenyewe ungemgharimu msimu mmoja tu.

Chuo kwa upande wake hukatiwa idadi ya ufadhili, huzuiwa kuingia mashindano ya mwisho wa msimu, au hufutiwa matokeo. Arkansas ilipokonywa mataji ya riadha ya 2004 na 2005 kwa makosa yaliyohusu jinsi mkimbiaji Tyson Gay alivyosajiliwa na kusaidiwa na kocha msaidizi. Adhabu kubwa kuliko zote ilitolewa mwaka 1987 dhidi ya Southern Methodist, ambayo msimu wake mzima wa mpira wa Kimarekani ulifutwa kwa sababu wachezaji walikuwa wakilipwa kwa siri. Udhaifu wa adhabu za aina hii ni kwamba huchelewa. Zinapofika, aliyekosa amekwisha kuhitimu na kocha amekwisha kuhamia kwingine, na wanaozitumikia ni vijana waliofika baadaye.

Kwa anayeona saa ya daraja la kwanza imemwendea mbio, zipo njia za pembeni. Daraja la pili la NCAA huhesabu mihula kumi ya masomo badala ya miaka mitano ya kalenda, jambo linalomfaa aliyelazimika kukatiza masomo. Chama cha NAIA, cha vyuo vidogo, kina kanuni zake na kimewapokea Wakenya tangu zamani. Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka 1972, alikimbilia Eastern New Mexico, wakati huo kikiwa chuo cha chama hicho, na baadaye akaendelea na masomo hadi kuwa mwalimu wa chuo kikuu Nairobi.

Ipo pia nafasi ya kuomba kusamehewa. Anayeweza kuthibitisha kwamba kuchelewa kwake kulitokana na mambo yaliyo nje ya uwezo wake, kama ugonjwa, vita au kukosa karo, anaweza kurudishiwa msimu. Lakini ombi hilo haliandikwi na mwanafunzi. Huwasilishwa na chuo kinachomtaka, kwa vielelezo vya tarehe na nyaraka. Na nafasi zenyewe zimepungua, kwa kuwa makubaliano ya 2025 yaliweka kikomo cha wachezaji 17 katika timu ya mbio za nyika na 45 katika riadha kwa kila chuo kilichoyakubali. Kocha mwenye nafasi 17 za kujaza, akiwa na wakimbiaji wawili wa kasi sawa, mmoja faili lake limekamilika na mwingine anahitaji kuombewa, hana sababu kubwa ya kumchagua wa pili.